Jibu la Sasa Hivi

"Maisha huku kwenu ni nafuu," alisema Bwana Fairclough, amesimama mbele yetu katika ukumbi wa chakula wa hospitali.

Alikuwa ametumwa kutoka London kuwaeleza wauguzi kwamba mishahara ya serikali itafuata eneo: London juu, Devon ng'ambo ya mto katikati, na sisi wa Cornwall, pembe ya mwisho ya Uingereza, mkiani. Nilikuwa na umri wa miaka kumi na sita, nimeketi nyuma nikimsubiri mama turudi nyumbani. Nyumba yenyewe ilikuwa ikituponyoka. Kodi ilipanda kila mwaka, kwa sababu watu wa London walizinunua nyumba za mtaa wetu ili walale humo wiki mbili za kiangazi, kisha wazifunge. Hao ndio tunaowaita sisimizi, kwa jinsi wanavyojaa kila kona jua likiwaka.

"Nafuu kwa nani, mpenzi wangu?" aliuliza mama, Sista Morwenna, muuguzi mkuu wa wodi.

Kwetu hata dereva wa lori huitwa mpenzi, lakini yule bwana masikio yalimwiva kwa haya.

"Mgonjwa wa Devon nikimgeuza kitandani," mama aliendelea, "mgongo wangu utauma zaidi?"

"Ni suala la soko, Sista."

"Kumbe tumekuwa samaki!" alidakia Loveday wa wodi ya watoto. "Basi utupime upesi, baba, tusije tukakuozea mkononi!"

Bwana Fairclough alisubiri kicheko kipite. "Nitapata lini jibu lenu, kama mnaafiki?"

Mama alitabasamu. "Sasa hivi, mpenzi."

Ukumbi ulilipuka. Kwa mtu wa Cornwall, sasa hivi ni kesho, ni mwakani, ni kamwe. Fundi wa paa akikuambia anakuja sasa hivi, tafuta ndoo. Nilicheka hadi machozi yakanitoka. Tulidhani tumemfukuza.

Naye alirudi London akatangaza kwamba wauguzi wa Cornwall wameafiki papo hapo. Tulimsikia redioni, mama akiwa anamenya viazi. Mama aliendelea kumenya hadi kiazi kikabaki saizi ya kidole gumba.

"Waambie ulikuwa mzaha!" nilimfokea.

"Nimwambie nani, mwanangu? Yule aliyekuja na jibu lake mfukoni?"

Leo niko chuoni, nasoma uchumi. Mhadhiri huchora mstari ubaoni na kuuita gharama za kieneo. Hesabu yake naielewa vizuri, na hasira yangu haijapungua hata chembe: mstari ule hauna mgongo wa kuuma.

Kiangazi cha mwaka ule wa Bwana Fairclough, mama alihamia hospitali ya Plymouth, ng'ambo ya mto, upande wa Devon wenye mshahara mkubwa zaidi. Siku ya kwanza nilimsindikiza garini. Kwenye daraja la mto huo, Tamar, magari ya wageni yalikuwa yakimiminika kuja kwetu, mbao za kuchezea mawimbi zimefungwa juu. Daraja lile humtoza anayetoka Cornwall. Anayeingia hupita bure.

Mama alishusha kioo, akalipa, akaenda kazini.