Mtaro wa Bweni la Wasichana

Mkuu wa chuo hakuwa mtu wa kubembelezwa. Mumewe alizoea kusema kwamba ukitaka mkewe aende kushoto, mwambie aende kulia.

Basi wasichana wa bweni moja walipoanza kuharisha hadi wodi ya zahanati ikajaa, daktari alimweleza bila kuzunguka: bomba la maji ya kunywa lilikuwa limepasuka, nalo lilipita ubavuni mwa mtaro wa maji machafu. Kabla mama huyo hajainuka kitini, mwenyekiti wa baraza la chuo akaingia na tangazo lililokwisha andikwa, likingoja saini yake tu. Lilisema wanafunzi wamejitakia wenyewe kwa kula ovyo mitaani. Wafadhili walikuwa njiani kuja kuzindua mpango mkakati wa chuo, na mzee hakutaka wanuse harufu mbaya. Alikuwa amemfundisha mkuu huyo enzi za ujana wake, na bado alimwita mwanangu.

“Mwanangu, funika kombe mwanaharamu apite.”

“Mzee, kombe hili lina kinyesi. Silifuniki.”

Mwenyekiti akamwambia kwa upole kwamba baraza halitakosa mtu wa kutia saini.

“Mtafuteni,” akajibu. “Lakini leo kiti hiki nakikalia mimi.”

Akaamuru bomba lifungwe na maboza ya maji safi yaletwe. Kisha akawaita wanafunzi na wazazi uwanjani, akawaambia ukweli wote. Walimzomea. Baba mmoja, ambaye bintiye alikuwa bado amelazwa, alitaka kujua kwa nini bomba halikubadilishwa mapema. Akamjibu kwamba aliliombea fedha mara mbili, na mara zote mbili baraza likachagua kujenga lango jipya.

Wafadhili walipofika hakuwapeleka ukumbini. Aliwapeleka mtaroni na viatu vyao vya kung’aa, akawaambia mpango wa chuo unaanzia hapo, mengine yatafuata. Wawili waliondoka wamenuna. Wa tatu alikunja suruali, akaanza kuuliza maswali.

Baraza likamsimamisha kazi kwa barua. Mumewe alimuuliza kama haingekuwa busara kuomba radhi.

“Nimwombe nani? Bomba?”

Asubuhi mabomba mapya, yaliyolipiwa na yule mfadhili wa tatu, yaliteremshwa kutoka kwenye lori, mwenyekiti akiwa hana ujasiri wa kuyarudisha mbele ya wazazi waliojaa langoni. Mama akavaa mabuti, akaenda kusimama na mafundi. Barua ilimkataza kuingia ofisini. Mtaro haikuutaja.