X Nyekundu kwa Mama Vifungo

Tangu reli ya tramu ianze kulazwa barabarani, mtaa mzima ulikosa usingizi. Wenye vyumba walipandisha kodi, wenye pesa wakaja na michoro ya maghorofa, na wapimaji wakapita na brashi zao. Nyumba iliyokaa njiani huchorwa X nyekundu, na tingatinga halipigi hodi. Duka la kinyozi lilikwisha kuliwa. Kwa Mama Vifungo, fundi cherehani, wapimaji walipita bila hata kumsalimia, na hajawahi kufurahia dharau kama siku ile.

Basi, siku moja baadaye katoka kupeleka sare za shule, anarudi, anakuta X. Nyekundu, mbichi, pembeni mwa mlango wake mwenyewe.

Jamani! Marehemu mumewe hakumwachia kingine ila nyumba hiyo: cherehani chumba cha mbele, kitanda chumba cha nyuma. Aende wapi, na kodi za mtaa huu zimekuwa za kutisha? Hakulia. Alichukua bisibisi, akaanza kufungua cherehani kutoka mezani.

Shemeji yake, mdogo wa marehemu, fundi wa kupaka rangi anayekaa chumba cha uani, akatokea akijifuta mikono.

"Shemeji, unahama? Umepata mchumba?"

"Nitolee utani wako! Hujaiona X?"

"X gani?"

Mama Vifungo akamburura hadi nje. Yule bwana akatazama, akajikuna kisogo, akawa mpole ghafla.

"Hiyo... hiyo ni yangu."

Sasa, mtu huyu tangu aanze ufundi hajui kuosha brashi bila kuipangusa ukutani kwanza, mshazari huku, mshazari kule. Miaka yote ni chokaa nyeupe, nani angeona? Leo alikuwa anapaka kibao cha mkahawa mpya unaojengwa mkabala na kituo cha tramu. Kibao chekundu!

Mama Vifungo alicheka, akalia, akampiga na kitambaa, akamkumbatia, vyote kwa mpigo mmoja. Halafu akaitazama tena ile X.

"Tingatinga linapita lini?"

"Kesho asubuhi."

"Na dereva atajuaje kwamba hii ni yako, si yao?"

Wakaingia ndani kutafuta rangi. Iliyokuwepo ilikuwa ya waridi tu, masalio ya kazi ya saluni. Waliipaka ukuta mzima wa mbele, Mama Vifungo akiwa na gauni lake zuri, wala hakulijali.

Asubuhi tingatinga likaja likinguruma, likapunguza mwendo mbele ya nyumba. Mama Vifungo alisimama mlangoni, roho mkononi. Dereva akachungulia.

"Mama, hapa ni wapi tena? Mbona sipakumbuki?"

"Ni kwa fundi cherehani, baba. Una suruali ya kupunguza?"

Dereva akajitazama miguuni, pindo la suruali lilikokuwa likiburutika.

"Ninayo. Nitaileta jioni," akasema, akakanyaga mafuta, akaenda zake.

Mama Vifungo akaketi kizingitini, akashusha pumzi ndefu. "Nimebaki," akasema kwa sauti, na hakuona haya hata kidogo kulia mbele za watu.