Mvuke wa Chupa Namba Kumi na Saba

Awino, mke mwenzangu, alifika hospitali akiwa amebebwa juu ya kiti changu, kile kizuri cha wageni, na hata katika hali ile, pumzi zikimtoka fupi fupi, alipata nguvu ya kuniambia mguu mmoja wa kiti umelegea. Nikajua bado yuko.

Ilikuwa mwaka wa tisini na sita, mvua ndefu zikiisha. Homa ilikuwa imeingia Migori, ikapita sokoni kama mkusanya ushuru, haikuacha meza hata moja. Wengi walipiga chafya wiki moja wakarudi kuuza. Awino haikumwishia puani. Ilishuka kifuani ikakaa. Kwenye zahanati walisema hii si nimonia ya sindano, hii ni virusi, mpelekeni Homa Bay kwa wamisheni, kuna daktari anajaribu dawa. Nicanor, mume wetu, akatafuta pikapu, akakaa mbele na dereva. Sisi wake zake tulikaa nyuma pamoja na kiti.

Daktari alikuwa Mkisii mmoja mwembamba aitwaye Ombui, shati limechomekwa kana kwamba anakwenda kuposa. Msaidizi wake, Sista Robi, alikuwa Mkuria wa Ntimaru, mwanamke mwenye mikono ya kutosha kunyonga fahali na kicheko cha kumfufua. Tukaongea Kiswahili, kila mtu na chake.

"Dawa hii haimezwi, wala haichomwi," Ombui akasema. "Mashine inaipiga inakuwa mvuke. Mgonjwa anavaa maski, anavuta mvuke mpaka ndani ya mapafu. Mara nne kwa siku, siku tano. Lakini lazima niwaambie ukweli. Tunaijaribu. Nusu ya wagonjwa wanapata dawa, nusu wanapata maji ya chumvi. Chupa zote zinafanana. Mgonjwa hajui, sista hajui, hata mimi sijui."

"Na Mungu?" nikauliza.

"Huyo hakutia sahihi," akasema Sista Robi.

Ombui hakucheka. Alisema oksijeni na uangalizi Awino atapata kwa vyovyote, lakini mvuke una sharti: lazima uanze ndani ya saa arobaini na nane tangu pumzi iwe nzito. Tukahesabu tangu juzi adhuhuri, alipoangusha ndoo kisimani. Saa ya mkononi ya daktari ilisema saa tatu na nusu. Mwisho wetu ulikuwa saa sita.

"Ikipita?"

"Sitaruhusiwa kumpa. Na mama, sitakuficha. Anapumua mara thelathini na nane kwa dakika. Mwili unachoka. Wawili waliokuja hivi wiki iliyopita hawakurudi kwao."

Awino alisikiliza yote, akaweka kidole gumba kwenye fomu bila matata. Robi akafungua chupa namba kumi na saba, akawasha mashine, ikanguruma kama posho mili ya mbali ikisaga unga. Akasogeza maski. Awino akageuza uso ukutani.

"Mikayi... kwanza," akasema.

Mikayi ni mimi. Ndilo jina la mke wa kwanza. Kwetu Waluo mikayi ndiye anayefungua: mbegu ya kwanza, palizi la kwanza, hindi la kwanza la msimu. Wa pili, nyachira, akimtangulia, anaiingizia nyumba chira, na chira ni laana isiyosikia daktari wala sindano. Nimekula mahindi mengi mabichi kwa cheo hicho, sikatai.

"Mama Awino, hii si shamba," Ombui akasema.

"Ni kitu kipya," nikamwambia. "Kitu kipya kikiingia kwenye boma hatukiulizi kama ni maharagwe."

"Basi wewe mwambie. Wewe ndiye mkubwa."

Ingekuwa rahisi hivyo ningesema, nikaenda zangu kunywa chai. Lakini Awino alikuwa na sababu, na sababu ile nilikuwa nayo mimi mkononi. Zamani, tukiwa bado wasichana wa kupigana kwa vijiko, alipanda maharagwe siku moja kabla yangu, kwa kiherehere tu. Mwezi haukuisha, mtoto wake Maxwell akafa. Ukoo wote ukasema chira. Mimi nilijua ni surua, maana mwezi ule surua ilizika watoto sita upande wetu wa mto, na mama zao hawakuwa wamepanda kitu. Nilijua, na nikanyamaza. Tangu siku ile Awino hakunitangulia hata kuketi. Na heshima ni tamu, nyinyi, isikieni tu kwa wengine.

Nikamwambia Nicanor, "Baba, toa neno. Wewe ndiye mwenye boma."

Nicanor akakohoa, akatazama dari, akasema hayo ni mambo ya wanawake, akatoka kwenda kukagua magurudumu ya pikapu. Pikapu haikuwa yetu.

Nikamgeukia daktari. "Nipe maski nivute mara mbili, halafu yeye."

"Haiwezekani. Namba kumi na saba ni ya Awino peke yake, mpaka tone la mwisho. Wewe si mgonjwa. Ukivuta, nimeharibu utafiti."

"Na akifa hapa akiwa ameutazama ukuta, utafiti utakuwa mzima?"

Akakunja mdomo. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa tu na karatasi nyingi.

Saa nne ikapita. Midomo ya Awino ilikuwa imeanza rangi ya zambarau. Nikavuta kile kiti kibovu, nikainama sikioni kwake, nikamwita nyieka, yaani mke mwenza, nikasema lile neno nililolikalia zaidi ya miaka ishirini.

"Nyieka, ilikuwa surua. Maxwell alikufa na surua. Maharagwe hayakufanya kitu. Nilijua siku ileile."

Akanigeuzia jicho, kifua kikipanda na kushuka.

"Unasema... leo," akasema. "Kwa sababu... unataka... nifungue mdomo."

Ukweli wangu ukaanguka hapo sakafuni, Robi akaukanyaga akipita na beseni. Nilistahili. Ukweli uliochelewa namna ile hata mimi nisingeununua.

Nikabaki na fomu. Nilisoma mpaka darasa la nne, tena kwa mwalimu aliyetupiga kwa kila nukta, kwa hivyo maandishi nayasoma polepole lakini yakiisha yamekwisha. Nikasoma ukurasa wa kwanza, wa pili. Wa tatu nikausoma mara mbili.

"Daktari. Hapa mmeandika atakayepewa maji ya chumvi naye ni mshiriki kamili wa utafiti. Ni kweli?"

"Ni kweli."

"Mnamhesabu?"

"Tunamhesabu sawa na mwingine."

"Hakuna mtu anayeweza kusema huyu hakuvuta?"

"Hakuna." Akaanza kunitazama kwa wasiwasi, kama mtu anayesikia ng'ombe wake akitafuna kitu kisicho majani.

"Basi nipe mimi maji ya chumvi. Si ya chupa yake. Ya kwenu, ya jikoni, popote. Kama chumvi inatosha kwa Serikali na wazungu wenye mashine, chira ni nani aikatae?"

Robi aliketi kwenye kitanda cha jirani, akacheka mpaka kikalia. Ombui aliipokonya fomu, akaipekua. Alitafuta kosa, na niliona anatafuta kweli. Hakulipata.

"Daktari," akasema Robi, akijifuta macho, "kila asubuhi mimi hupima ile mashine ya pili kwa maji ya chumvi, kuona kama inapuliza. Leo sijaipima."

Ombui akatazama saa. Saa tano na dakika ishirini.

"Kupima mashine si utafiti," akasema taratibu. "Na sijaona sheria inayokataza mtu kukaa mbele ya mashine inayopimwa." Kisha akajishughulisha sana na kalamu yake.

Nikapanda kitandani kwa Awino, tukabanana kama magunia. Robi akanivisha maski safi. Mashine ikanguruma, mvuke ukaniingia baridi, una ladha ya machozi ya mtu mwingine. Nikakohoa, nikapiga chafya, kamasi ikanitoka mbele ya daktari aliyesoma. Awino alikuwa ananitazama kwa jicho moja.

"Vuta... vizuri," akasema. "Usi... danganye."

Nikavuta mpaka kichwa kikazunguka. Nikavua, nikasema kwa sauti ya kikao, "Mimi Kezia, mikayi wa Nicanor, nimeufungua mvuke huu. Anayefuata afuate."

Saa sita kasoro dakika kumi na tano, Awino akageuka kutoka ukutani, akapokea maski yake.

Nilidhani kazi yangu imeisha. Jioni Robi akaja na mashine, Awino akaninyooshea kidole. Kumbe kila mvuke ni mvuke mpya. Mara nne kwa siku! Nikamwambia hata shambani nafungua mara moja tu kwa msimu. Akafumba macho na mdomo, akangoja. Siku tano nililala kwenye mkeka chini ya kitanda chake na kuvuta chumvi mpaka chai ya hospitali ikaniwia tamu. Nicanor alirudi nyumbani kuangalia ng'ombe, akala kwa majirani, akanenepa.

Ombui alikuwa anahesabu pumzi kwa saa. Mimi nilihesabu matusi. Siku ya pili Awino aliniambia "Toka," akapumzika. Siku ya tatu: "Toka, unakoroma." Siku ya nne alinieleza tangu mwanzo hadi mwisho jinsi nilivyoliharibu ghala la mwaka juzi, akamtaja mama yangu, bila kusimama kuvuta hewa. Nilitoka nje nikalia nyuma ya jiko la hospitali, halafu nikaosha uso nikarudi kumjibu.

Kama chupa ile ilikuwa dawa au chumvi, sijui. Ombui alisema orodha imefungiwa Nairobi mpaka wagonjwa wote waishe. Nikamwambia achague neno lingine.

Asubuhi ya mwisho alikuja na fomu ya kufungia. "Mama Awino, tangu uanze mvuke umepata madhara yoyote? Kichefuchefu? Kichwa kuuma? Koo kukauka?"

"Dhara moja," akasema Awino.

"Lipi?"

"Mikayi."

Ombui akaniangalia. Robi akachukua kalamu mkononi mwa daktari, akaandika, herufi kubwa.

Awino akashusha miguu, akatafuta ndara kwa vidole, akasema anakwenda chooni na asifuatwe na mtu. Akaushika ukuta hatua mbili, tatu, kisha akauacha. Nikamngoja afike mlangoni ndipo nikachukua kipande chake cha sabuni alichokisahau, nikaenda nyuma yake, mbali kidogo, asinisikie.