Sofa ya Watu Saba

"Uliza fundi yeyote wa sofa kuanzia Kariobangi mpaka Dandora, atakwambia hakuna anayetimiza siku kama Munyao. Nikisema Alhamisi, ni Alhamisi. Mteja wangu hajawahi kunipigia simu mara mbili."

Hayo nilimwambia Mama Mwongeli Jumatatu asubuhi, nikiwa nimesimama katikati ya sofa nne za watu wengine, zote uchi, mbao nje kama mbavu za ng'ombe wa kiangazi. Mwenye moja alikuwa ameshaanza kunipigia kwa simu za majirani, maana simu yake nilikuwa siishiki tena.

Mama Mwongeli alizitazama taratibu, moja baada ya nyingine. "Na hizi je?"

"Hizo ni za maonyesho, mama. Mteja aone mbao tunayotumia."

Nyuma yangu Wamalwa alikohoa. Wamalwa ndiye mshirika wangu, mzee wa miaka hamsini na nane, alishona viti vya treni kwenye karakana ya reli mpaka walipopunguzwa kazi. Mimi navua, najaza sponji, napigilia. Yeye anakata kitambaa na kushona. Hakohoi ovyo.

Mama Mwongeli jina lake ni Wayua, lakini mtaani mama huitwa kwa mtoto, na safari hii mtoto ndiye aliyeleta kazi. Mwongeli ni binti yake wa pekee. Amepata kijana anayeitwa Okumu, na Jumamosi saa nne wazee wa Okumu walikuwa wanakuja nyumbani Komarock kujitambulisha. Sofa ya nyumba hiyo ni ya watu saba: kiti kirefu cha watatu, cha wawili, na viwili vya mtu mmoja mmoja. Kitambaa kilikuwa kimekwisha mpaka sponji inachungulia.

"Wale watu nimewaona," Mama Mwongeli akasema. "Ni watu wakubwa, wakikaa wanakaa. Siwezi kuwapa kiti kinachotoa ulimi. Nimekuletea wewe kwa sababu ni mtu wa kwetu Mbooni. Alhamisi utaweza?"

"Alhamisi jioni utakuwa umekalia."

Alikuwa hajamaliza kumlipa mwenye pikapu, mimi nimeshachana kitambaa cha kiti kirefu kutoka mgongoni mpaka miguuni. Hiyo ndiyo siri ya kazi hii, na sijui kwa nini nakupa. Ukipokea sofa, ivue palepale. Mteja ambaye sofa yake imevuliwa hawezi kubadili mawazo akaipeleka kwa jirani, atabebaje mifupa barabarani? Ndiyo maana ukipita kwetu utadhani tuna kazi nyingi sana. Tuna watu wengi tuliowafunga, basi.

"Unamvua mgeni kabla hujamkaribisha," Wamalwa akasema mama alipoondoka.

"Biashara ni kasi, mzee."

"Haya. Kasi."

Usinione mtu wa hivihivi, lakini. Mimi nina maono. Ukutani, juu ya cherehani, nimebandika karatasi kubwa: miaka mitano, duka la vioo Komarock, pikapu tatu, wafanyakazi kumi na wawili, mimi ofisini nikizunguka kwenye kiti. Pembeni yake kuna ratiba yangu ya kila siku, nimeipiga rula na kuipaka rangi mbili. Ilinichukua siku nzima, na siku hiyo sikugusa sofa. Jumanne asubuhi Wamalwa aliisogelea akaisoma kwa sauti, kidole kikifuata.

"Saa kumi na moja, kuamka. Kumi na moja u nusu, kutafakari maono. Kumi na mbili, kujisomea. Saa moja, mazoezi ya mwili. Saa mbili, kupanga siku. Saa tatu, kujibu wateja." Akageuka. "Kushona ni saa ngapi?"

"Kushona kunaendelea tu, mzee."

"Kwa nani?"

Hapo ndipo Lorraine alipoingia. Lorraine ana saluni Dandora, na benchi la kungojea zamu lilikuwa limemchania mteja sketi. Alikuwa amelileta kwa mkokoteni, pamoja na viti vyake vinne, akitaka vitengenezwe haraka. Akauliza kama nina nafasi wiki hii.

Nilitazama zile sofa nne. Nilitazama ya Mama Mwongeli, ya tano. Nikasikia mdomo wangu ukisema, "Wiki hii niko huru kabisa, dada." Mkono ukafuata kisu.

Wamalwa hakukohoa. Alinitazama tu, na hiyo ni mbaya zaidi.

Wewe unaweza kunicheka, hata mimi ningejicheka kama singekuwa nimechoka. Lakini nilipomaliza fomu four nilikaa miaka miwili nikiegemea ukuta wa kioski bila kazi, mimi na wenzangu, kila asubuhi. Mtu akisema kuna kazi, unaitikia kabla hujauliza ni kazi gani. Neno hapana lilining'oka wakati huo kama jino, halijaota tena.

Jumatano niliamka na mgongo umekakamaa, macho kama yametiwa mchanga. Siku hiyo kulikuwa na semina ya bure ya wafanyabiashara wadogo kwenye ukumbi mmoja Umoja, mada ni kutawala muda. Nikajiambia nikienda nitarudi na akili mpya, kazi itakimbia yenyewe. Ilikuwa ianze saa tatu. Mwalimu alifika saa nne na robo, suti imembana, akasema tumwelewe. Alimtaka kila mtu afumbe macho na aione biashara yake miaka kumi ijayo. Nilifumba. Nililala. Nilipoamka watu walikuwa wanapiga makofi, nami nikapiga. Niliporudi Kariobangi saa kumi, Wamalwa alikuwa ameinamia benchi la Lorraine, na Lorraine mwenyewe ameketi juu ya debe kando yake, anamhesabia mishono.

"Umejifunza nini?" Wamalwa akauliza bila kuinua kichwa.

"Kwamba lazima kuanza na lililo muhimu."

"Na lililo muhimu ni lipi?"

"Hapo walikuwa wanapeana chai."

Lorraine aliondoka na benchi lake Alhamisi mchana, na viti vyote vinne. Hiyo ndiyo ratiba ya kweli ya fundi, haihitaji rula: anayekuja kukukalia shingoni ndiye anayemalizwa kwanza. Mama Mwongeli aliniamini. Kwa sababu aliniamini hakuja, na kwa sababu hakuja, sofa yake ilibaki pale pale ilipovuliwa Jumatatu. Alhamisi jioni alipiga.

"Kesho asubuhi, mama. Kitambaa kinataka kupumzika kidogo kabla ya kuvutwa."

"Kitambaa nacho kimechoka?" akauliza, akacheka. "Sawa, mwanangu. Na wewe ulale basi, sauti yako imeisha."

Sikulala vizuri. Kuchoka kwa kushona kunaisha ukilala. Kuchoka kwa kuahidi unaamka nako, kumekaa ukingoni mwa kitanda, kumevaa viatu tayari.

Ijumaa saa tano akapiga tena. Nilishika, maana nikiacha kushika ya mama huyu basi nimekwisha.

"Munyao, siulizi kwa ubaya," akasema. "Kanisani kwetu kuna viti vya plastiki. Mwenye ufunguo anafunga ofisi saa saba, na kesho hayuko. Kama kazi imekuwa nzito niambie sasa nikavichukue. Wageni hawatakufa kwa kukalia plastiki. Sitakasirika, unasikia? Niambie tu."

Nilitazama. Kiti kirefu kilikuwa na sponji, bila kitambaa. Cha wawili kilikuwa na mikanda ya mpira na magunia, sponji bado. Vile viwili vya mtu mmoja havikuwa na kitu, mbao tupu, unaona sakafu. Wamalwa alikuwa ameondoa mguu kwenye cherehani.

"Sofa iko tayari, mama. Inangoja pikapu tu."

"Mungu akubariki, mwanangu."

Niliweka simu juu ya meza, kifudifudi.

"Ungemwambia," Wamalwa akasema.

"Tutamaliza."

"Kiti kirefu tutamaliza. Cha wawili labda. Vile vidogo ni Jumanne, tukiwa watu wazuri. Lakini sikusema kumaliza. Nimesema ungemwambia."

"Amefurahi, hukusikia?"

"Nimesikia." Akarudisha mguu kwenye cherehani. "Treni nilizoshonea viti zilikuwa zinachelewa pia. Lakini stesheni walikuwa wanaandika kwenye ubao, imechelewa saa mbili. Mtu anaenda zake kunywa chai."

Saa saba ilifika nikiwa nimeshika stepla. Niliiona kwenye simu. Bado kulikuwa na nafasi ya kupiga, mwenye ufunguo labda anachelewa kufunga, watu wote wa nchi hii wanachelewa. Nikapigilia. Nilipotazama tena ilikuwa saa saba na dakika ishirini, nikahisi kama mzigo umeshuka, kwa sababu sasa hakukuwa na la kuamua. Haraka nikagundua haukushuka, umehamia tu kwa mtu mwingine.

Tulifanya kazi kama punda mpaka jioni, na Jumamosi alfajiri tukaanza tena. Hatukutaniana hata kidogo. Saa tatu u nusu pikapu ilipofika, kiti cha watatu na cha wawili vilikuwa vimevaa mbele na mikono, kitambaa cha rangi ya divai, chavutia kabisa. Migongoni havikuwa na kitu. Mafundi tuna msemo, nyuma ni ya ukuta. Vile viwili vidogo nikaviacha uwanjani na Wamalwa.

"Nimwambie nini?" nikamwuliza, mguu mmoja ndani ya gari.

"Leo unaniuliza mimi?"

Nyumba ilinukia pilau na sakafu ilikuwa bado na unyevu. Mzee Kyule, babake Mwongeli, dereva wa malori aliyestaafu, alitusaidia kusukuma viti mpaka ukutani. Nilihakikisha vimegusa ukuta sawasawa. Mama Mwongeli alipapasa kitambaa kwa kiganja, uso ukamfunguka, halafu akahesabu. Kwenye zulia kulikuwa na alama nane za miguu ya viti vilivyokaa pale miaka mingi, nne kulia na nne kushoto.

"Vile vidogo viko wapi?"

"Viko kwenye pikapu ya pili, mama. Havikutosha kwenye hii. Iko njiani."

"Basi ungoje, usaidie kushusha. Kile cha kulia ndicho cha msemaji wao."

Nikangoja. Mwenye pikapu ya kwanza, ambayo pia ilikuwa ya mwisho, aliondoka zake. Saa nne wageni wakafika: Okumu ndani ya shati jipya, shangazi yake Roseline, na wazee watatu. Walikuwa wakubwa kweli. Walijaza sofa zote mbili, na Mzee Kyule akachukua stuli ya jikoni, magoti yakamfika kifuani. Msemaji wao, Mzee Sylvance, mjomba wa Okumu, alikuwa anakuja peke yake kwa bodaboda kutoka Huruma, na bila yeye hakuna neno ambalo lingeanza. Kwa hivyo watu walikunywa chai wakaulizana habari za mvua.

Mimi nilipewa kikombe mlangoni. Mama Mwongeli alikuwa anatoka jikoni kila baada ya dakika chache.

"Pikapu imefika wapi?"

"Imeshaingia Kangundo Road."

Halafu, "Imefika wapi sasa?"

"Iko kwenye kona, mama."

Lile gari halikuwepo duniani, lakini asubuhi hiyo lilisafiri sana. Niliwaza kukimbia. Lakini miguu ilikuwa imekwisha, na chai ilikuwa na tangawizi, na mtu aliyechoka sana anaweza kukaa ndani ya uongo wake kama mtu aliyekaa kwenye maji ya uvuguvugu. Nikasema ngoja, pengine wataanza kuomba, wafumbe macho, nami niteleze.

Mzee Sylvance akaingia akipangusa vumbi kwenye koti, mrefu, sauti ya mtu aliyezoea kusikilizwa. Wote wakasimama. Mama Mwongeli akamkimbilia, akamshika mkono, akaangalia pale kwenye zulia ambapo kiti kingekuwa.

"Karibu sana, baba, karibu. Kiti chako kinaletwa sasa hivi. Gari liko hapo kwenye kona."

"Usijali, mama. Nimekaa vya kutosha." Akawageukia watu wake. "Mnisamehe. Pikipiki imepata pancha pale Kariobangi, mbele ya mafundi wa sofa. Lakini sikuteseka. Mzee mmoja anashona pale, Mluhya, mtu mwema, amenitolea kiti nikakaa. Hakina nguo, mbao tupu, nikakaa hivyo hivyo."

Watu wakacheka. Hata mimi nilicheka kidogo, kwa kuchelewa.

"Nikamwuliza, mbona kiti hiki hukivishi? Akaniambia, hiki na mwenzake ni vya watu wa Komarock, na leo wana wageni. Nikasema, maskini, hao wageni watakaa wapi? Akasema hajui. Vitakwisha Jumanne, na mkubwa wake amelijua hilo tangu jana asubuhi."

Alikuwa anaeleza tu njia, hakuwa na ubaya wowote. Shangazi Roseline aliangalia alama za miguu kwenye zulia. Mzee Kyule akaisogeza stuli yake, polepole, akampa mgeni. Mama Mwongeli hakuachia mkono wa Mzee Sylvance. Alinigeukia mimi pale mlangoni na kikombe changu, na sauti yake haikupanda hata kidogo.

"Munyao. Jana asubuhi saa ngapi?"

Mzee Sylvance akayafuata macho yake mpaka kwangu.

"Kumbe mkubwa ndiye huyu," akasema, akaja kunisalimia kwa mkono.