Mlango na Dirisha

Asikiaye la mkuu huvunjika guu. Mimi nilivunja mawili, bahati nzuri yalikuwa ya chipu, kile kidude cha umeme chenye miguu ya bati: Fundi, mwalimu wetu wa karakana, alipiga kelele "Sukuma!", nami nikasukuma, vijiguu viwili vikakunjika badala ya kuingia kwenye matundu ya ubao wa majaribio. Tangu siku hiyo namsikiliza kwa sikio moja.

Siku ya mtihani aliandika ukutani: *Mlango na dirisha vikifunguliwa, kengele ilie.* Ukifaulu unapewa meza yako ya kazi. Ukianguka unarudi kwa shangazi kuambiwa, "Si nilikwambia?"

Nikapachika vitufe viwili, kimoja mlango, kingine dirisha, nikavuta nyaya hadi kwenye chipu ya NA, ile isiyotoa umeme mpaka ipokee kotekote, na kutoka hapo hadi kwenye kengele. Nikabonyeza mlango. Kimya. Dirisha. Kimya. Vyote kwa pamoja: piii!

"Safi," Fundi akasema, kalamu mkononi. "Umefuata maandishi."

Roho haikutulia. "Fundi, na mwizi akipita mlangoni tu?"

"Binti, nimeandika nini pale?"

"Umeandika 'na'. Lakini shangazi akisema panya na mende wakiingia jikoni nimwite, hangoji waje wameshikana mikono."

Jirani yangu wa meza, tuliyempachika jina Shoti kwa kuunguza kila agusacho, alicheka hadi akaangusha koleo.

Nikazima umeme, nikaing'oa chipu ya NA taratibu, nikaweka ya AU. Miguu yao imepangwa sawasawa, hata waya mmoja sikuhamisha. Nikawasha. Mlango: piii! Dirisha: piii! Darasa zima likageuka.

"Umenigeuzia kazi mbele ya watu," Fundi akasema.

"Nimegeuza chipu tu. Sentensi yako ndiyo ilikuwa na njia mbili."

"Ulimi huo!" Akabonyeza mlango mwenyewe, akabonyeza dirisha, akarudia mlango, anatafuta kosa. Hakulipata. Akaenda ukutani, akafuta "na" kwa kiganja, akaandika "au". "Vikifunguliwa" nayo akaifanya "likifunguliwa". Aliporudi, kalamu ikaning'inia juu ya karatasi yangu.

"Haya, omba radhi kwa kunibishia, nitie saini."

"Mpe tu, dada," Shoti akanong'ona. "Neno moja, upate meza."

"Meza naitaka, Fundi, na nimeitolea jasho. Lakini kengele inalia, na maandishi umeyarekebisha kwa mkono wako. Radhi siombi."