Friji la Mtaa Mzima

Mimi sina subira na kitu kisichofanya kazi yake. Jembe likinilegea mpini nalitupa kichakani, halafu kesho yake asubuhi naenda kulitafuta. Kwa hiyo mtu asishangae nikisema kwamba friji lile, katika siku kumi na mbili za kwanza, nililitukana kuliko nilivyopata kumtukana binadamu.

Tulilinunua msimu wa korosho ulipokwisha. Hemedy, mwenye duka pale Kibiti, aliniapia kwamba ni jipya, halijaguswa, na kwamba nitamkumbuka kwa dua. Likaletwa kwetu Mtawanya kwa guta, limefungwa kamba kama mbuzi wa Idi, na watu wakatoka majumbani kulitazama. Mke wangu Salima akalipa nafasi sebuleni, kati ya kabati la vyombo na mlango wa uani, akalitandikia juu kitambaa alichokifuma mwenyewe. Nailoni ya mlangoni hakukubali niiondoe. Alisema litachakaa.

Mtaa mzima ulijua tumenunua friji kwa ajili ya raha. Hatukuwaambia zaidi. Ukweli ni kwamba Salima ana sukari, na tangu mwaka juzi anadungwa insulini kila siku. Dawa ile inataka ubaridi. Zamani nesi alikuwa akimwekea kwenye friji la zahanati, naye Salima akipanda bodaboda kila alfajiri kwenda kudungwa, na ukimwuliza anakwenda wapi, anakwenda kumjulia hali shangazi yake. Shangazi mwenyewe alikuwa mzima, analima muhogo. Kisha nesi akaambiwa friji la zahanati libaki la chanjo tu. Akamfundisha Salima kujidunga, akatuambia tutafute friji letu.

Mtu anaweza kuuliza, sukari ni ugonjwa wa kufichwa? Kwa Salima, ndiyo. Hapa kwetu, arusi ikiwa kubwa au khitma ina watu wengi, anayeshika mwiko kwenye masufuria ni yeye. Alishaona mwenzake mmoja alivyojulikana ana presha. Kila alipolisogelea jiko aliambiwa, kaa bibi, pumzika. Wakampumzisha mpaka wakamsahau.

"Siku wakijua, Baba Kudra, nitakuwa mtu wa kuketi mkekani na kuletewa sahani," aliniambia. "Usinifanyie hivyo."

Nikamwahidi mdomoni mwangu halitatoka hilo neno.

Siku tatu za kwanza friji lilifanya kazi vizuri. Siku ya nne Ramadhani ikaingia.

Wa kwanza kuja alikuwa Bi Mwanahawa, jirani yetu wa ukuta kwa ukuta, ambaye amezaa na kulea pamoja na Salima. Alikuja na chupa mbili za maji. "Mama Kudra, zipoze mpaka magharibi," alisema, na nani angekataa? Kwetu mtu humnyimi maji ya kufuturia, hata kama mmegombana. Kesho yake wakaja wanne, keshokutwa sikuwahesabu. Zikaja chupa, yakaja majagi ya juisi ya ukwaju, ikaja ndoo ndogo ya mtu na mfuniko wake. Kila anayeingia anafungua mwenyewe, anasogeza, anapanga, anauliza hii nayo ya nani, na wakati wote huo mlango uko wazi na yeye anapata upepo.

Ndani mle kukawa vuguvugu. Siagi ikageuka mafuta. Sehemu ya kugandishia barafu ikawa inadondosha maji sakafuni, na mimi nikawa wa kupiga deki katika nyumba yangu mwenyewe. Nilizungusha kitufe cha ubaridi kutoka moja mpaka saba, nikakirudisha. Kitabu cha maelezo kilikuwa cha Kichina, kina picha ya mwanamke anayelichekea friji lake. Nikamwona kama ananicheka mimi. Nilimtukana Hemedy, nikaitukana mita ya umeme, nikalipiga friji kofi la ubavuni, likanguruma kidogo kisha likanyamaza.

Salima alianza kuchoka. Akawa anakunywa maji hayamtoshi, na miguu inamwaka. Kwa hali yake hafungi, daktari alimkataza kabisa, lakini hilo nalo ni siri. Mchana alikula chumbani, mlango umefungwa, na mimi nakaa barazani kumlinda kama polisi. Siku ya kumi na mbili nikampeleka zahanati. Nesi akampima, akanitazama mimi.

"Dawa mnaiweka wapi?"

"Kwenye friji. Jipya."

Akakitazama kichupa cha insulini tulichokwenda nacho. "Hii imeiva, baba. Amekuwa akijidunga maji." Akatukabidhi kingine. Akasema ndicho cha mwisho alicho nacho, na kingine hakiji kabla ya Idi. Kikiharibika, Salima atalazwa.

Sikumbuki tulirudi vipi. Nakumbuka niliogopa, na mimi nikiogopa huwa nafoka. Salima akakizungushia kile kichupa kitambaa kibichi na kukitia mtungini kwa muda tu, maana nesi alisema mtungi hautakifikisha Idi; mimi nikaita guta, nikalibeba friji mpaka Kibiti na kulishusha mbele ya duka la Hemedy nikipiga kelele watu wakajaa. Hemedy alilichomeka hapo hapo dukani, akatia chupa ya maji ndani, akaniwekea kiti, tukakaa. Ilipoadhiniwa alasiri akafungua. Chupa aliyoiweka ilikuwa barafu tupu.

"Mzee Saadi, friji zima hili," alisema kwa upole. Nilitamani ardhi ipasuke.

Kwa kuniondolea aibu alinipa fundi wake, Abdulrazaq, kijana mnene asiye na haraka, aje alitazame nyumbani. Alilisogeza mbali na ukuta, akatoa kitambaa cha Salima, akachomeka. Halafu badala ya kuchukua bisibisi akaomba kiti. Alikaa sebuleni kwangu mchana kutwa, anachezea tasbihi. Jioni, chupa zote zilipokwishachukuliwa, akasimama.

"Limefunguliwa mara thelathini na tisa," alisema. "Na kila wanapolifungua wanaliletea maji ya moto mengine. Mzee wangu, friji halina ugonjwa. Mkilifungua mara mbili kwa siku, litagandisha mpaka mchukie."

Basi nikajua la kufanya, na lilikuwa baya. Nikamwambia Salima tuwaambie watu. Akakataa. Nikamwambia basi nitasema limeharibika. Akaniuliza, na taa yake inayowaka je, na mngurumo wake? Asubuhi nilikwenda dukani nikanunua kufuli, nikapigilia vipete viwili vya chuma kwenye mlango na ubavu wa friji, juu ya ile nailoni yake, nikalifunga. Bi Mwanahawa alipokuja na chupa zake nilimzuia kizingitini. "Friji halipokei tena maji ya watu," nikasema. Sikuongeza sababu, kwa kuwa sikuwa nayo ya kutoa.

Alinitazama, akageuka na chupa zake.

Friji likapoa sawasawa. Kichupa kilikaa mle ndani peke yake, katika ubaridi wake, na miguu ya Salima ikaacha kuwaka. Lakini mtaani niliisha. Msikitini nikikaa, aliye kando yangu anakumbuka ana jambo upande wa pili. Sahani ya futari kutoka ukuta wa pili, ambayo haijapata kukosa tangu tuhamie pale, haikuja. Nilimsikia mtu mzima mwenye ndevu zake akimwambia mwenzake kwamba Saadi amelitia friji kufuli mwezi mtukufu, na Mungu anaona. Iliniuma sana. Mimi ni mkali, najijua, lakini mchoyo sijawahi kuwa. Nilirudi nyumbani na kumwambia Salima msikitini wote hawajambo.

Siku ya nne ya kufuli, baada ya swala ya alasiri, Bi Mwanahawa alikuja na wanawake watatu. Salima alikuwa chumbani anakula, kama kawaida. Walisimama uani, hawakutaka kukaa.

"Baba Kudra, hatukuja kwa maji," Bi Mwanahawa alisema. "Maji ya mtungi tunayo, tumeyanywa tangu tunazaliwa. Tumekuja utuambie tumekukosea nini. Mimi nimekaa na mkeo miaka ishirini na sita. Kama kuna neno, liseme, tuombane radhi kabla mwezi haujatoka."

Kama angenitukana ingekuwa rahisi. Nikafoka. Nikasema friji ni langu, nyumba ni yangu, na kila mtu akapoze maji yake kwao. Nilijisikia nikisema hivyo na nikajichukia.

"Kumbe kweli wanavyosema," akasema mmoja wa wale watatu. "Uchoyo tu."

Mlango wa chumbani ukafunguka. Salima akapita sebuleni, nikasikia kufuli ikifunguliwa, akatoka uani. Mkono wa kulia ulikuwa bado na punje za wali vidoleni. Mkono wa kushoto alishika kile kichupa.

"Mume wangu si mchoyo," alisema. "Mimi ndiye niliyemziba mdomo. Nina sukari, mwaka wa pili huu. Hii ndiyo dawa yangu, na chupa zenu zilikuwa zinaiua. Na sijafunga hata siku moja. Nilikuwa nakula, mmenikuta nakula."

Wale watatu walitazama chini. Mmoja akaanza kusema pole, Salima akakunja uso kama mtu anayengoja kofi, kwa maana alijua baada ya pole linakuja neno gani. Bi Mwanahawa akamgeukia yule mwenzake, akamnyamazisha kwa jicho.

"Umekula kiasi gani?" akamwuliza Salima.

"Tonge mbili. Niliposikia sauti zenu nikaacha."

Bi Mwanahawa akavua kandambili, akaingia ndani ya nyumba yangu bila kunibishia hodi, mpaka chumbani. Akatoka na sahani ya wali na mchuzi wake wa mbaazi. Akatandika mkeka pale pale uani, kwenye uwazi, mahali ambapo kila apitaye njiani anaona. Akamkalisha Salima, akamwekea sahani mbele, naye mwenyewe akaketi pembeni, midomo imemkauka kwa saumu, akaanza kumpungia nzi kwa ncha ya kanga yake.

"Mwanangu Mwanaamina anaolewa mfunguo mosi, Idi ikipita tu," alisema. "Masufuria matatu, na sina mpishi mwingine. Kwa hiyo kula, mwenzangu. Kula hapa hapa."

Salima akala.