Mahali Alipolala Ildephonse

Ildephonse alimwaga risiti zote juu ya meza ya Godson, karani wa safari, kabla lori la kwanza halijatoka uani. Zilikuwa mia na ushee: za chakula, za bafu, za vituo vya kulipia barabara. Mwaka mzima alikuwa amezibana kwa kibanio juu ya dashibodi, chini ya kioo cha mbele, ili zisipotee. Hazikupotea. Jua lilikuwa limefuta maandishi yote.

Godson aliinua moja akaielekeza kwenye taa. "Kaka, hii nyeupe kama shuka la hospitali."

"Yote iko hivyo. Eish, Godson, mimi nilizitunza!"

"Umezianika."

Ofisi ya kodi ilikuwa imemwandikia barua. Kampuni ilimlipa posho ya kujikimu kwa kila usiku aliokuwa njiani, na posho hiyo ilisamehewa kodi ikiwa dereva angethibitisha kwamba kweli alikuwa mbali na nyumbani kwa ajili ya kazi. Ildephonse alikuwa amedai usiku mia moja na kumi na nane. Mwisho wa kuleta uthibitisho ulikuwa leo, saa kumi alasiri. Akikosa, angedaiwa rand elfu kumi na moja, sawa na pango la miezi mitatu la vyumba viwili walivyopanga mtaa wa Bluff, yeye, mkewe Annick na watoto.

"Nipe kopi ya karatasi zangu za safari," alisema. "Kila kitu iko mule: tarehe, mahali, saa."

Godson aliitupia jicho kamera ya ukutani, akashusha sauti. "Hapo kwenye saa ndipo penye shida. Karatasi inayoonyesha ulilala wapi inaonyesha pia ulilala muda mfupi kuliko sheria inavyotaka. Mzee mwenye kampuni amekataza isitoke hata moja. Nikikupa, kesho unanikuta nauza mitumba."

"Basi barua."

"Barua inataka saini yake, na yuko Johannesburg mpaka Jumatatu." Godson alikusanya risiti taratibu, kana kwamba bado zilikuwa na thamani. "Lori lako nimeliandikia matengenezo leo. Nenda kahangaike, hutakatwa siku. Hilo tu ndilo ninaloliweza, kaka."

Ildephonse alimshika mkono kwa mikono yake miwili. Kisha akatoka hadi langoni na kumpigia mkewe simu.

"Papa Glody," Annick alimwita kwa jina la mtoto wao baada ya kumsikiliza, "na daftari ya wamama wa maombi?"

Kanisani kwao kila dereva alikuwa na desturi moja. Kabla ya kulala alimtumia Mama Atuganile, kiongozi wa wamama wa maombi, ujumbe wa sauti na kumtajia mahali alipo. Mama Atuganile hakupenda maombi ya jumla. Alitaka jina na mahali, naye aliandika vyote kwa mkono wake.

Ildephonse alimkuta soko la Warwick, nyuma ya magunia yake ya maharage. Mama huyo Mtanzania alitoa madaftari manne yaliyofungwa kwenye kitenge, wakayafungua pamoja. *14 Juni, Ildephonse, Harrismith, baridi kali. 2 Agosti, Ildephonse, Musina, foleni ya mpakani, siku ya tatu.* Walihesabu mistari mia moja na tisa yenye mahali. Katika mistari tisa mahali palikuwa wazi, na pembeni paliandikwa: *Hakutuma neno. Tumekesha.*

"Mwanangu, siku hizi tisa ulikuwa wapi? Nilidhani simu imezima."

"Sikulala, mama. Bosi alitaka mzigo ufike asubuhi, nikaendesha mpaka kukakucha. Kukudanganya nilishindwa, na ukweli ungewatisha."

Mama Atuganile alifunika daftari. "Kumbe wewe usukani, sisi magotini, usiku ule ule. Basi na sisi tunadai posho."

Wote wawili walicheka. Ildephonse alijifuta macho. Wanawake wale hufungua vibanda vyao saa kumi na moja alfajiri.

Mama Atuganile alimwachia jirani yake biashara, akaenda naye kutoa kopi za madaftari, kisha kituo cha polisi kuapa kwamba maandishi yale ni yake. Askari aligonga mhuri kila ukurasa wa kopi bila kudai chochote. Ildephonse alimshukuru mpaka askari akaona haya.

Saa tisa na nusu walifika ofisi ya kodi. Karani, msichana mwenye miwani, alifunua kurasa moja baada ya nyingine. Ildephonse alimtafsiria maneno.

"Si hati niliyoizoea," karani alisema. "Lakini imeandikwa siku kwa siku, na mtu asiye na faida nayo. Nitaipokea." Kalamu yake ilisimama. "Hii mistari tisa haina mahali. Kila mara, kabla yake ni Harrismith, baada yake ni Harrismith. Ulilala Harrismith?"

Neno moja lingetosha. Ildephonse aligeuka. Mama Atuganile alikuwa amesinzia kwenye benchi, kitenge mapajani.

"Hapana. Sikulala. Niliendesha usiku kucha kwa amri ya mwajiri."

Karani alivua miwani. "Nikiandika hivyo, ataandikiwa barua kuulizwa. Jina lako litakuwa juu yake."

"Hawa wamama walikesha kwa ajili yangu," alisema Ildephonse. "Siwezi kuandika kwamba nilikuwa nimelala. Andika. Na yeye aulizwe."

Kisanduku cha mahali kwenye fomu kilikuwa na nafasi ya neno moja tu. Karani aliandika kwa herufi ndogo, maelezo yakapita ukingo, akagonga mhuri wa kupokea.

Mama Atuganile aliamka. "Wamekubali?"

"Wamepokea, mama. Yote mia moja na kumi na nane."

"Mungu asifiwe. Na kazi yako?"

"Bosi anarudi Jumatatu," Ildephonse alisema. Alichukua madaftari, akayafunga vizuri ndani ya kitenge, akampa mkono ainuke. "Twende. Leo magunia nitayafunga mimi."